Ule Msemo wa Maziwa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Saumu ya pili. Kichwa kinagonga — si njaa, ni chai! Mama kasema kitaacha siku ya tano. Tutaona.

Leo paredi ilikuwa zamu ya msemo wa wiki. Kila Jumatatu naandika ubaoni msemo mmoja wa Kiingereza, wanafunzi wananakili, naeleza maana yake. Mpango niliuanzisha mimi, lakini mkuu wa shule, Mwalimu Telesfori, anaupenda kuliko mimi. Ninayo misemo arobaini na miwili. Niliikusanya chuoni kwenye kaunta buku hili hili, shajara naandikia kwa nyuma. Mbele Waingereza, nyuma mimi.

Tatizo wanaikariri tu. Wiki ya kwanza tulifanya ule wa ndege anayeamka mapema, nusu ya darasa wakaandika kwamba unahusu ufugaji wa kuku. Wiki ya pili ule wa farasi wa kupewa, usimkague meno. Nani hapa Karagwe kamwona farasi? Mmoja kaandika maana yake ni kwamba Waingereza wanapenda kukagua vinywa vya watu. Nilicheka peke yangu staff room mpaka wenzangu wakanishangaa.

Ndipo nikapata wazo, na nalipenda sana. Kazi ya nyumbani kwa darasa langu! Kila mmoja auchukue msemo wa wiki akautumie kwao, kwa lugha ya kwao, mara moja tu, mahali panapofaa. Kisha aandike nusu ukurasa: nani alikuwepo, alisema nini, ikawaje. Si kukariri tena. Kutumia.

Msemo wenyewe ni ule wa maziwa yaliyomwagika, usiyalilie. Maana nimeiandika kwa chaki nyekundu: kitu kikishaharibika, kukililia hakukirudishi, jifute machozi uendelee na kazi. Mwepesi kabisa. Kila nyumba kuna kitu kimevunjika.

Kyarisiima wa kidato cha nne akanyoosha mkono. Huyu ndiye ninayemtegemea kwa A ya Kiingereza Novemba, tena kama yuko peke yake. Akauliza kama ni lazima yawe maziwa. Nikamjibu si lazima, hata sahani, hata simu. Akauliza tena: na kwenye nyumba ya maziwa, ya wafugaji, je, unafaa? Nikamwambia huko ndiko utakakofaa zaidi. Darasa likacheka. Yeye hakucheka, aliandika.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu kaniita ofisini. Nikajua ni kuchelewa kwangu kwa juzi, nikaandaa uongo njiani. Kumbe ni sifa! Anataka kuueleza mpango wangu kwenye kikao cha wakuu wa shule. Kasema nina ubunifu. Nimetembea nao huo ubunifu mpaka nyumbani.

Jioni Kyarisiima kaja dukani kwa Baba kununua sabuni, kaniaga. Kesho anakwenda kwao, Kyerwa, mbele ya Nkwenda huko kwenye mbuga za ng'ombe. Geto, kile chumba cha kupanga anakoishi na wenzake wawili, unga umekwisha. Nikamkumbusha kazi yangu. Akasema anakumbuka, anatafuta tu mahali pa kuusemea.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesahihisha daftari thelathini na nne za kidato cha nne, na mbavu zinaniuma. Mmoja kautumia kwa mama yake chupa ya chai ilipopasuka — kala kofi, kaandika "matokeo: sikuendelea na kazi". Mwingine kamwambia baba yake timu ilipofungwa, baba kamzimia televisheni. Wa tatu kamwambia jirani ambaye mbuzi wake kagongwa na lori pale stendi. Jirani kamuuliza kama anatumwa na mwenye lori. Watoto hawa! Na wote maana wameipata. Hilo ndilo nilikuwa nataka.

Daftari la Kyarisiima halipo. Naye hayupo. Wenzake wa geto wanasema hakurudi jana, simu ya mama yake haipatikani. Labda mvua, ile barabara ikinyesha haipitiki.

Jumatano, 12 Machi

Daftari limefika.

Kaleta Niyonkuru, bodaboda wa Nkwenda, anayeleta abiria hapa Omurushaka siku za mnada. Kasimama mlangoni mwa darasa na kofia mkononi, kasema kapewa na Kyarisiima, binti wa Mzee Tumwine, amkabidhi Madam Nusra mwenyewe. Nikashukuru. Nikalifungua hapo hapo mbele ya darasa, nikalifunga. Nikawaambia wasome kimya.

Nusu ukurasa niliyoomba imekuwa kurasa sita. Kiingereza safi, koma zote mahali pake. Kaandika kwamba Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Mama yake alikuwa anatoka zizini na ekyanzi, kile chombo cha mti wanachokamulia, kimejaa. Akateleza. Yote chini. Na yalikuwa maziwa ya Bihogo, ng'ombe wa uzao wa yule ambaye babu alimtoa walipooana wazazi wake. Kaandika kwamba kwao maziwa yakimwagika hakuna anayeyakanyaga. Yanafunikwa kwa nyasi mbichi na nyumba inanyamaza, kama kuna msiba. Siku hiyo baba yake hakunyamaza. Alimfokea mama mbele ya wachungaji, kwamba mikono yake haina kheri, kwamba ni mara ya tatu mwezi huu. Mama akakaa chini kwenye matope, akalia.

Hapa nanakili kwa Kiswahili alivyoandika, nisije nikasahau: "Nilijua hapakuwa mahali pake, Madam. Ila ulisema panapofaa, na mama alikuwa analia. Sikuona mahali pengine patakapofaa kuliko hapo." Akausema. Kwa Kinyambo, kwa sauti, baba yake asikie.

Baba yake akauliza nani kamfundisha. Akasema shule.

Usiku wa Jumapili Bihogo katupa mimba. Ndama wa miezi saba. Asubuhi Mzee Tumwine kawaambia watu wote wa boma kwamba kinywa kilichosema maziwa hayaliliwi ndicho kilichomkausha ng'ombe, na kwamba mwanawe hatarudi mahali wanapofundisha hayo. Amekwisha kumpigia simu shangazi yake Kyarisiima, Uganda, ampokee.

Sentensi ya mwisho: "Naomba unisahihishie."

Nimekaa nalo mpaka sasa. Kalamu nyekundu iko hapa mezani. Nimeshindwa hata kuweka vema.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemweleza Mkuu. Kasoma kurasa zote sita, kavua miwani, kauliza taratibu kwa nini sikumuuliza kwanza. Yeye ni Mnyambo wa migomba na kahawa, si wa ng'ombe, lakini kazaliwa hapa, anajua. Nikamjibu kwamba Alhamisi iliyopita aliniita mbunifu. Maneno yalinitoka hovyo. Naye akapandisha sauti — kwamba mimi nimekulia dukani, maziwa nayajua ya pakiti. Nikataka kumjibu. Ni kweli, ndiyo maana niliudhika zaidi.

Tunakwenda Jumamosi, wote wawili, kuomba radhi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimechoka. Niandike haraka.

Kwa Mzee Tumwine ni mbali kuliko nilivyodhani. Baada ya Nkwenda migomba inakwisha, nyasi tu na ng'ombe, pembe ndefu mpaka unaogopa kupita. Boma la miti, nyumba ya bati, ndama kumi na kitu wamefungiwa pembeni wanalia. Mzee mrefu, kavaa gamubuti na koti la suti. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia vizuri tu. Hakuwa na ukali wowote usoni, hilo ndilo liliniogopesha.

Kyarisiima alikuwa mlangoni mwa jikoni. Hakuruhusiwa kusogea.

Mkuu akaongea kwanza, kwa Kinyambo, muda mrefu. Kisha zamu yangu. Na mimi — Mungu anisamehe — nikaanza kueleza maana! Kwamba Waingereza hawamaanishi maziwa yenyewe. Kwamba ni mfano tu. Kwamba kwao maziwa ni kitu kidogo, ndiyo sababu wakayachagua. Nilijisikia nikisema hivyo, ni kitu kidogo, na mdomo haukusimama. Mkuu alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee akasikiliza yote. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mnadani, bila haraka:

"Mwalimu, wewe baba yako ana duka. Likiungua, unamwambia asilie?"

Nikageuka kutazama zizi. Ng'ombe mmoja alikuwa anakohoa.

Basi akaita. Mke wake, Mama Joviness, ndiye mama yake Kyarisiima, akaja na maziwa, kwa Mkuu kikombe, kwangu ekyanzi kidogo chenye kifuniko cha kusukwa. Akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili. Nikakataa kwa adabu, nikasema nimefunga. Akabaki amepiga goti, mikono mbele. Nikarudia, nimefunga mama, asante. Akamtazama mumewe. Mzee akatikisa kichwa kidogo, mama akayarudisha ndani. Mzee akasimama, akatutakia safari njema. Kwisha!

Mkuu alikunywa ya kwake yote. Hakuongea mpaka tumefika Nkwenda. Hapo ndipo aliponiambia kwamba yale hayakuwa maziwa ya mgeni. Yale ndiyo yalikuwa msamaha wenyewe, ningeyanywa tungeondoka na mtoto.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani wamegawanyika kwa ajili yangu. Nilisimulia wakati wa futari. Mama akasema nilifanya sawasawa, Ramadhani ni Ramadhani, haibadilishwi kwa ng'ombe wa mtu. Baba kamwacha amalize, kamenya ndizi yake, ndipo akasema ningekunywa. Nilikuwa safarini, msafiri anafungua, siku analipa baadaye. Akaniuliza: "Na yule binti utamlipa mwezi gani?" Mama akaondoka na sinia.

Nimeingia chumbani. Nilikuwa nawaza kuhusu duka. Nilikuwa darasa la sita lilipoungua, safu nzima ya soko. Baba alikaa barazani, analia bila kujificha, na funguo za kufuli ambalo halipo tena. Watu walikuja wakakaa naye. Niyomugabo fundi cherehani alikaa siku tatu, hakusema neno, anamshika tu goti. Hakuna aliyemwambia Baba ajifute machozi. Angemwambia mtu, mimi mwenyewe ningemrushia jiwe.

Siku hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa, nikaandika ubaoni kwa chaki nyekundu.

Na kuna kingine. Jana nimeandika uongo humu. Nimeandika nilikataa kwa adabu. Shajara ni yangu, hakuna anayeisoma, na bado nimedanganya! Ukweli: kile chombo wanakifukiza kwa moshi wa nyasi. Kifuniko kilipofunguliwa harufu ikanipanda, moshi na ng'ombe, na nilikuwa na njaa tangu alfajiri. Nikaweka ushungi puani. Kisha nikayasukuma kwa kiganja. Kisha ndipo nikakumbuka kusema nimefunga. Hata ningekuwa sifungi nisingeyanywa. Mungu ndiye nimemfanya kisingizio, mwezi wake mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Niyonkuru tena. Binti anaondoka Ijumaa. Kutakuja pikipiki ya ndugu yao kumpeleka Murongo mpakani, kisha ng'ambo kwa shangazi. Nikamuuliza atasoma huko? Akacheka kidogo, kama nimeuliza kitu cha watoto. Akasema wale waliovuka mwaka jana wawili wameshaolewa.

Na ujumbe wa Mzee, nimeomba aurudie neno kwa neno. Mzee kasema Waislamu anawajua, kauza nao ng'ombe miaka mingi. Wakiwa wamefunga husema, niwekeeni. "Huyu hakusema tumwekee. Huyu aliziba pua."

Aliona. Wote waliona. Kyarisiima mlangoni kaona.

Paredi jana sikuandika msemo. Mkuu hakuuliza. Kuna kitoto cha kidato cha kwanza kikanifuata na daftari wazi, kinasubiri ninachosema, nikakiambia wiki hii hakuna. Kikaandika "hakuna" na tarehe.

Jumatano, 19 Machi

Nimefungua mbele ya kaunta buku. Misemo arobaini na miwili na maana zake, nimeipigia mistari chini kwa rula. Ule wa mayai na kikapu kimoja. Ule wa wapishi wengi. Ule wa jani la jirani kuwa kijani zaidi — wafugaji wangu wangeusikiaje huo, wanaohama kwa ajili ya majani? Kila mmoja niliandika maana yake kama dawa, vidonge viwili asubuhi na jioni. Sikuandika hata mmoja kwamba ulitoka kinywani mwa nani, na alikuwa amepoteza nini, na aliyeambiwa alifanya nini.

Labda Mwingereza wa kwanza kuambiwa vile naye aligeuka akampiga mtu. Hawakutuandikia.

Baba kaingia, kaona nimelia. Kaniwekea nauli juu ya kabati, kasema Ijumaa barabara ya Kyerwa itakuwa mbaya, niondoke mapema.

Ijumaa, 21 Machi

Naandikia kwa Mzee Tumwine, kwenye benchi nje ya nyumba, kaunta buku gotini. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mwandiko unapinda, vidole vina baridi.

Niliondoka baada ya kipindi cha tatu. Mkuu nilimwambia tu nakwenda, akasema hajasikia, yaani niende. Mama alinifungia tende saba kwenye karatasi, kaziingiza mwenyewe kwenye mkoba. Basi mpaka Nkwenda, kisha Niyonkuru. Tumeanguka mara mbili kwenye matope. Sketi yote nyekundu, kiatu kimoja kimekatika. Sikulia. Niliogopa tu kuchelewa.

Sikuchelewa, lakini kidogo tu. Pikipiki ya Murongo ilikuwa imeshageuzwa kutazama barabara. Begi la Kyarisiima limefungwa nyuma kwa mipira. Yeye kavaa gauni la kanisani, kasukwa nywele. Aliponiona alisimama. Kisha akakaa, akatazama chini.

Mzee alikuwa zizini. Nikamfuata huko huko, kiatu mkononi. Nikapiga goti — mimi, Nusra, ambaye kwa Mama napiga goti kwa kulazimishwa. Sikueleza maana ya kitu chochote. Nilimwambia tu hivi:

"Mzee, siku ile niliziba pua. Nimekuja kuyaomba yale maziwa."

Akamtazama kwanza ng'ombe aliyekuwa anakamuliwa, maziwa yakiingia chomboni. Akaniuliza kama leo sijafunga. Nikasema nimefunga, ila niko safarini, dini inaniruhusu, siku hii nitailipa, anipe tu sasa hivi. Akaniangalia sketi, akaniangalia mguu mtupu. Akaniuliza duka la baba yangu liliwahi kuungua. Nikasema ndiyo. Watu walifanya nini? Nikasema walikuja wakakaa. Akaitikia kwa koo tu, akaenda zake kwa ng'ombe.

Nikadhani imekwisha. Nikarudi hapa kwenye benchi kungoja Niyonkuru aangalie tairi.

Kisha Mama Joviness katoka na ekyanzi. Cha sasa hivi, bado kina mvuke. Mzee nyuma yake. Harufu ni ile ile, moshi na ng'ombe, na nimeivuta yote. Si mbaya. Nilinyoosha mikono miwili, nikapokea, nikaanza kusema bismillahi.

Mzee akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Ngoja jua lako," akasema.

Kayachukua, kakaa na chombo magotini, hapa pembeni yangu, kana kwamba hana kazi nyingine. Dereva wa Murongo kaja kulalamika. Giza, matope, anayewasubiri huko kapiga simu mara tatu. Mzee kamjibu kwa Kinyambo maneno mawili matatu, nimeelewa moja tu, maziwa. Dereva karudi kwenye pikipiki yake, kakaa juu yake, anagonga gonga tangi kwa kidole.

Tunakaa. Sina la kusema, ndiyo maana naandika. Kaniuliza naandika nini. Nikasema kazi ya nyumbani. Kaniuliza, na ya yule nilimpa ngapi? Nimelitoa daftari mkobani, nikamwonyesha kurasa sita, hazina hata alama moja nyekundu. Nikamwambia sijampa kitu, kwa sababu aliyekosea ni mtunga swali. Hakucheka. Mama Joviness ndiye kacheka, kidogo, kajifunika mdomo. Kamwomba mumewe daftari, kalifungua, Kiingereza hajui, lakini kaweka kidole kwenye jina lake mwenyewe aliloliona katikati ya mstari.

Mzee hajasema mtoto abaki. Niliandike hilo wazi, nisijidanganye tena. Hajasema chochote. Huenda nikanywa, akanishukuru, na pikipiki ikaondoka. Nitakunywa vile vile.

Saa moja kamili. Jua limegusa kilima cha upande wa Rwanda. Kwa kalenda ya msikiti bado dakika nane. Nimetoa tende, nimempa Mama Joviness, kala moja na mbegu kaishika mkononi, hajui aitupe wapi.

Dereva kawasha injini. Kapaza sauti kwamba yeye anaondoka na mtu au bila mtu. Kyarisiima kanyanyuka. Kaenda mpaka kwenye pikipiki, kashika kiti, kaweka mguu. Sikuweza kumwangalia. Nikaangalia jua. Sijawahi kulichukia jua kama leo, linavyokaa pale.

Mzee kamwita. Si kwa sauti kubwa. Kamwambia aje ashike ekyanzi, mikono yake imechoka.

Mikono ya Mzee haijachoka. Nimekaa naye nusu saa, haijatikisika hata mara moja.

Kyarisiima kashuka. Kaja, kapiga goti mbele yangu, kapokea chombo kwa baba yake. Injini inanguruma, begi bado limefungwa. Dakika tatu. Kimejaa mpaka juu, mikononi mwake kifuniko kinagonga gonga, na wote wanne tunakitazama. Naweka kalamu chini, nimsaidie kushika.